Mkasi Nilioupandisha Milimani

Nilipanda milima ya Himalaya nikiwa na mkasi wa kukatia nguo sandukuni, na nia yangu ilikuwa nikirudi Lilongwe, Malawi, niuzamishe kwenye shingo ya mtu mmoja. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nilikwenda kule kutafuta amani. Watalii niliofuatana nao ndio waliokuwa wakitafuta amani, tena walikuwa wamenunua vitabu vyake. Mimi nilikwenda kwa sababu najua kushona.

Mtu huyo nilikuwa nimemshonea suti ya harusi. Ilikuwa ya kijivu, yenye kola niliyoirudia mara kadhaa mpaka ikamkaa sawa. Wakati ule mimi na mdogo wangu tulikuwa na duka la ushonaji mtaa wa Area 49 pale Lilongwe, upande wa Gulliver. Tulitoka Bukavu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukakaa kwanza kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na mama yetu, kisha tukashuka mjini kujaribu bahati. Mimi nilikata na kushona, mdogo wangu alipiga pasi na kupokea wateja. Alikuwa na ulimi mtamu. Kichewa alikijua vibaya, lakini neno moja alilijua kuliko wenyewe: zikomo, yaani asante, na samahani pia. Mteja akiingia, zikomo. Akilipa, zikomo. Akilalamika kwamba suruali inambana, zikomo pia, mpaka mtu anacheka na kusahau hasira zake.

Mchana mmoja kundi la watu likaja mtaani likisema Maburundi wamewamalizia biashara. Pale, uwe umetoka Bujumbura au Bukavu, wewe ni Mburundi tu. Mimi nilikuwa uani kwa jirani nachota maji. Kupitia matundu ya ua nikaona mlango wetu unavunjwa, nikaona cherehani yangu inarushwa barabarani, nikamwona mwenye suti ya kijivu akiishika pasi yetu ya mkaa, ikiwa bado na moto ndani. Akampiga nayo mdogo wangu kichwani. Akaiinua tena, akampiga. Mkaa ukamwagika kwenye nywele zake na nywele zikashika moto.

Nilitaka kutoka. Jirani yangu, Mmalawi, mwanamke mzito, aliniangusha chini akanikalia mgongoni, akaniziba mdomo kwa kanga yake mpaka kundi likaondoka. Mungu ambariki, ingawa siku ile nilimng'ata mpaka akatoka damu.

Mdogo wangu hakufa. Upande mmoja wa kichwa chake ulibonyea kama sufuria iliyoanguka jiweni. Ukimshika mkono, anatembea. Ukimgusa midomo na chakula, anaifungua. Katika maneno yote ya dunia alibakiwa na lile moja, na analisema kwa yeyote anayemlisha, na kwa mbwa pia. Nilimrudisha Dzaleka kwa mama. Nilikwenda kushtaki, lakini mashahidi wote walikuwa wamepofuka siku ile, hakuna aliyeona kitu. Mwenye suti akahamia soko la Kawale, mjini humohumo, akawa anauza viatu vya mitumba. Nilimwona kwa macho yangu akimvalisha mteja kiatu huku anacheka. Nilipofika nyumbani nilianza kuunoa mkasi.

Katika kanisa letu pale kambini kuna desturi. Aliyetendewa mabaya husimama mbele siku ya ibada, anataja alilotendewa, kisha anasema, "Nimesamehe." Ngoma zinalia, watu wanapiga vigelegele, na mchungaji anamkumbatia. Nimewaona wanawake waliochomewa watoto wakisimama pale. Mchungaji wetu, mtu wa Uvira, mpole na king'ang'anizi, alikuwa akija kwa mama kila mara kuniuliza siku yangu lini. Kila nikimwona anainama kuingia mlangoni, damu ilinipanda. Mara ya mwisho nilimjibu mbele ya mama.

"Pasteri, mi nitasimama siku ile ule muntu atalala mu udongo."

Alinyanyuka, akavaa kofia yake, akaenda. Mama alilia. Alikuwa ameshajua. Alikuwa ameuficha mkasi ndani ya gunia la unga, nami nilikuwa nimeutoa, nikaupangusa na kuurudisha mahali pake.

Safari ikaja katikati ya hayo. Shirika dogo lililokuwa likitusaidia mafundi wa kambini kuuza nguo zetu lilikuwa likiwapeleka watalii kwenye milima ile, upande wa Uhindi, kutembelea nyumba za watawa wa Kibudha na kulala vijijini. Safari hiyo walitaka fundi wa kurekebisha nguo za kale za monasteri moja, na fundi huyo nikawa mimi. Mama, ambaye maisha yake yote aliwaita watu wa namna hiyo wapagani, alinipigia pasi sketi zangu kwa mikono yake. Aliamini umbali unapoza. Uwanja wa ndege waliufungua mzigo wangu, askari akaupima mkasi kwa kiganja chake, akauliza ni wa nini. Nikamwambia mimi ni fundi. Hakuna aliyeweza kusema nimedanganya.

Mimi ni mtoto wa milima. Bukavu tulikua tukipanda na kushuka kama mbuzi, lakini milima ile ilinicheka. Kichwa kiliniuma, pumzi zikawa fupi, chai wakaniletea imetiwa siagi na chumvi. Miti hakuna, ni mawe na upepo tu, na juu ya kila mlima vibendera vya rangi vimetundikwa kwenye kamba vikichanika kwa upepo. Vyote havijapindwa pindo. Nilitamani kuvishusha nivipinde. Wakanieleza vinaachwa vichanike ili sala iliyoandikwa juu yake iende na upepo. Mimi nikajisemea moyoni kwamba uvivu wa mafundi una maelezo kila nchi.

Tulilala kwenye nyumba za wanakijiji, mifugo chini, watu juu, moto wa mavi makavu katikati. Mwenyeji wangu alikuwa mjane mzee mwenye mdomo wa pilipili. Alimchapa ng'ombe wake mwenye manyoya marefu huku anamtukania ukoo. Mbwa wakisogea, alirusha mawe na hakukosa. Watalii walitaka ukimya wa asubuhi ili wafumbe macho, yeye akachagua saa hiyohiyo kugombana na jirani kuhusu mfereji wa maji. Nilimpenda siku ileile. Mkalimani wetu alikuwa mtawa mmoja msichana aliyejua Kiingereza, na maneno mengi ya bibi yule aliyatafsiri huku uso umemwiva.

Monasteri ilikuwa juu ya kijiji, imebandikwa kwenye jabali. Niliwekwa kwenye chumba cha mavazi ya ngoma, majoho ya hariri na zari yaliyoliwa na panya, nikawa nashona na watawa wawili wazee wasiojua lugha yangu wala mimi yao. Tulielewana kwa sindano. Siku moja wakanipeleka chumba cha ndani. Nilitegemea kuona Budha mnene anayetabasamu. Nikakuta ukutani nyuso nyekundu na za buluu zenye meno ya mnyama, mataji ya mafuvu, panga mikononi, vikombe vya damu, miguu imekanyaga watu. Watalii wakanong'onezana kwamba hiyo ni huruma iliyovaa sura ya hasira. Sikutaka kuelezwa. Nilikuwa nimechoka kumwangalia Yesu wa kalenda akiniangalia kwa upole kama mtu aliyekwisha kula. Hapa alikuwapo mmoja aliyekasirika, na watu wamemwashia taa.

Nilimwambia kwa Kiswahili chetu, "We njo unaniyua," yaani wewe ndiwe unayenijua.

Basi nikawa naomba kwake, kama kule ni kuomba. Nilimwomba aushike mkono wangu siku ya Kawale usitetemeke.

Ikafika siku ya ngoma. Ua wa monasteri ulijaa watu wa vijiji vyote. Tarumbeta ndefu zikalia kutoka juu ya paa, watawa wakatoka wamevaa vinyago vya nyuso zilezile za ukutani. Katikati, juu ya kitambaa, walilaza sanamu ya mtu iliyofinyangwa kwa unga wa shayiri iliyokaangwa, imepakwa rangi nyekundu, ina mikono na miguu. Asubuhi yule msichana aliwaeleza watalii kwamba mabaya yote ya mwaka ule, magonjwa, chuki na vifo, yamesomewa na kutiwa ndani ya sanamu ile, nayo itakatwakatwa na kutupwa. Mimi sikuwapo. Nilikuwa namalizia mkono wa joho, na nilipotoka uani mkasi ulikuwa bado umechomekwa kiunoni.

Kwa hiyo mimi niliona chakula. Mcheza ngoma mwenye kofia nyeusi alizunguka na upanga, akamkata yule mtu miguu, mikono, kichwa, na vipande vikawa vinarushwa nje ya ua ambako mbwa walikuwa wameshajipanga. Harufu ya unga uliokaangwa ilikuwa ileile ya uji ambao mama anampikia mdogo wangu. Mwaka ule Dzaleka walikuwa wamepunguza mgao wa mahindi, na nilikuwa nimewaona wanawake wawili waking'atana kwa mahindi yaliyomwagika mavumbini. Kipande kikarukia kwenye sketi yangu. Nikakiokota, nikala. Sijui mtu wa kambi yetu ambaye angefanya vingine.

Makelele yalitoka ua mzima. Bibi, mwenyeji wangu, alikuwa kando yangu. Alinishika taya, akanisukumia vidole kinywani akitaka kukitoa kile nilichokula. Wanaume wawili wakanikamata kwa nyuma, mikono. Nami sikumwona tena mwanamke mzee. Niliona Area 49. Niliona mlango unavunjwa, safari hii nikiwa upande wa ndani. Mkono wangu mmoja ukachomoka, ukapata mkasi, ukakata.

Ulipita kiganjani mwake, kutoka chini ya kidole gumba mpaka upande wa pili. Nilikuwa nimeunoa vizuri. Damu ililowesha kitambaa cha sanamu, watoto wakalia, na mcheza ngoma akabaki amesimama upanga juu. Bibi aliutazama mkono wake. Kisha kwa mkono mzima akanizaba kofi, sikio likalia. Akanizaba la pili. Halafu akasema maneno marefu sana. Nilimwuliza msichana amesemaje, akakataa. Nikamshika bega nikamwuliza tena.

"Anasema mama yako alizaa mbwa," akasema, macho chini.

Zahanati ilikuwa mwendo wa kutwa, na njia ilikuwa imezibwa na mawe yaliyoporomoka. Mtawa mganga alikuwa na unga mchungu wa kukausha damu, lakini mikono yake ilikuwa ya uzee, inatetemeka, na damu haikukauka. Bibi aliketi juu ya ngazi ya mawe, amekishikilia kiganja kilichofunguka, uso umekuwa wa majivu. Alinitazama, akasema kitu kifupi.

Msichana akatafsiri, "Anasema: wewe ni fundi. Umekata, shona."

Nikakataa. Nikasema mimi nashona nguo. Bibi akanishika nywele, akanivuta mpaka magoti yangu yakagonga jiwe. Wakachemsha sindano na uzi wa hariri wa majoho, wakammwagia pombe kali kwenye kidonda, na mimi nikashona. Ngozi ya mtu si kitambaa. Inateleza, inavuta, inakataa. Kila sindano ilipoingia, bibi alitukana na kunikaza kucha shingoni kwa mkono wake mzima. Nilianza kulia, machozi yakamdondokea. Msichana akaniambia bibi anasema machozi yangu yana chumvi, niyapeleke kwingine. Nilishona mishono midogo, ya karibukaribu, ileile niliyoishona kwenye kola ya suti ya kijivu. Nilipoitambua mishono hiyo, niliiacha sindano ikining'inia, nikajifuta mikono, nikaendelea.

Nilipomaliza aliinua kiganja mbele ya macho yake, akakigeuza huku na huku kama mteja, akasema mshono wa karibu na kidole gumba umepinda. Ulikuwa umepinda kweli.

Kiongozi wa safari alitaka nifungiwe mizigo nirudishwe. Bibi akakataa. Alisema mimi ni wake mpaka kidonda kifunge. Watalii wakaendelea na safari kwenye monasteri nyingine, mimi nikabaki kwake. Nilikamua ng'ombe, nilibeba mavi ya kuwashia moto, niligombana kwa niaba yake kwenye mfereji wa maji kwa Kiswahili cha Bukavu, na jirani akarudi nyuma. Mkono wake wa kulia ndio wa kulia chakula, kwa hiyo nilikanda unga wake na kumtia tonge kinywani. Likiwa kubwa, alinitemea. Msichana, kabla hajaondoka na watalii, alinitafsiria maneno yake: aliyevunja mpini wa jembe ndiye mpini mpaka upatikane mwingine. Mkasi wangu aliutundika ukutani juu ya mahali pangu pa kulala, nami niliuona kila nilipofumbua macho.

Siku msichana alipokuja kunichukua, nilimwomba amwulize bibi kama amenisamehe. Nilikuwa nimezoea nchi ambako jambo hilo lina ngoma na vigelegele. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Alisema nimwulize siku kiganja kitakapoacha kuuma, na kwa sasa nikalete kuni. Nikaenda kuleta kuni. Nilipoondoka aliutoa mkasi ukutani, akanipa mwenyewe, mpini mbele.

Nilirudi Dzaleka Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilimvalisha mdogo wangu shati safi na kofia ya kuficha kichwa, nikatia mkasi kwenye mfuko. Mama akauziba mlango kwa mikono miwili.

"Mwanangu, ukimuua, huyu mutoto atabakia na nani?"

Nikamwambia apakue nsima, ugali wa Malawi, na maharage kwenye bakuli lenye kifuniko. Hakuelewa, lakini mama akiambiwa apakue hupakua. Sitasema nilikuwa nimeamua. Nilikuwa na bakuli na nilikuwa na mkasi, na njia nzima hadi Lilongwe niliusikia mkasi ukigonga bakuli.

Pale Kawale alikuwa ameinama anapanga viatu jozi kwa jozi. Aliponyanyua uso nilimzaba kofi. Nikamzaba la pili. Soko likasimama. Mtu akapaza sauti kwamba Mburundi anampiga mwenzetu, mkono ukanikamata kola kutoka nyuma, na mkono wangu ukaingia mfukoni na kuushika mkasi. Shingo yake ilikuwa hapo, mshipa unaruka. Yule wa ukutani niliyemwomba aliitika ombi langu: mkono haukutetemeka hata kidogo.

Kwa mkono mwingine nilimvuta mdogo wangu mbele, nikamvua kofia. Nikasema kwa Kichewa changu kibovu, lakini kila mtu alikielewa: hiki ndicho kichwa, pasi ilikuwa yangu, mkono ulikuwa wa huyu. Aliyenishika kola alikuwa mama mmoja muuza maharage. Alikiangalia kichwa kile, akaniachia. Mwenye viatu alikuwa amefungua mdomo. Baadaye niliambiwa kwamba miaka yote ile aliamini alimuua mdogo wangu.

Nilitoa mkasi, nikauweka juu ya viatu vyake, mahali anapouona. Kisha nikatoa bakuli. Nikamwambia mkono uliovunja ndio utakaolisha, aanze. Akasema ana wateja. Hakuna mteja aliyesogea. Yule muuza maharage akaleta jagi la maji, akammiminia, naye akanawa, polepole, kidole kwa kidole, akinitazama mimi, akiutazama mkasi. Akafinyanga tonge, akachovya. Mchuzi ulimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Nilimchukia hata wakati ule. Namchukia na sasa ninapoandika, na kanisani sijasimama.

Tonge likagusa midomo ya mdogo wangu. Akaifungua, kama anavyomfungulia kila mtu. Akatafuna, akameza, akamtazama usoni mtu yule aliyemmwagia moto kichwani.

"Zikomo," akamwambia.

Yule mtu akakaa chini juu ya viatu vyake, mikono imejaa nsima, akilia kwa sauti mbele ya soko zima. Nikamwambia ainuke, bakuli lilikuwa bado limejaa.